Gazeti likikosea, kosa linakwenda wapi? Naandika baada ya miaka 9 ndani ya chumba cha habari

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo nauandika. Nilikuwa mhariri msanifu wa gazeti la kila siku, jina naliacha. Kwa wasiojua kazi hiyo: mwandishi anarudi na stori, mhariri wa dawati anaipitia, kisha inafika kwetu. Sisi ndio tunaikata ienee kwenye nafasi, tunaandika kichwa cha habari na maelezo ya chini ya picha. Msomaji anaona jina la mwandishi, lakini maneno makubwa kuliko yote kwenye ukurasa yameandikwa na mtu ambaye hakufika kwenye tukio wala hajazungumza na chanzo hata kimoja.

Siku moja tangazo liliingia jioni likala robo ya ukurasa wa 3. Ukurasa huo ulikuwa na stori ya mahakamani. Mwandishi alikuwa ameandika sawasawa kabisa: shahidi wa pili aliieleza mahakama namna mshtakiwa alivyochukua fedha za ushirika. Nikatakiwa nipunguze mistari 6. Nikapunguza. Nilichokata ndicho kilichokuwa kinamtenganisha shahidi na mshtakiwa, na picha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya shahidi. Kesho yake gazeti likatoka likisema, kwa maneno na kwa sura, kwamba mtu aliyejitokeza kutoa ushahidi ndiye mwizi.

Alipiga simu saa 2 asubuhi. Mapokezi wakamuunganisha na dawati la habari, dawati likamwambia mwandishi hajafika, apige tena saa 5. Saa 5 akaambiwa aandike barua. Akaiandika, akaileta kwa mkono wake. Barua ikakaa. Siku ya 9 tukachapa sahihisho, ukurasa wa 22, chini ya matangazo ya minada. Maneno yake nayakumbuka yote: "Katika toleo letu la Jumanne ya wiki iliyopita kulijitokeza makosa katika habari ya mahakamani. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Someni tena hapo. Kosa lilikuwa lipi? Aliyekosewa ni nani? Ukweli ni upi? Aliyesoma ukurasa wa 3 angeweza kusoma na wa 22 asijue kwamba vinahusiana. Na hilo neno "usumbufu" mpaka leo linaniuma. Basi likichelewa ndiyo usumbufu. Mtu kuitwa mwizi mbele ya watoto wake kuna jina lingine.

Hoja yangu ni hii: kosa lenyewe mara nyingi ni la dakika tano. Kinachommaliza mtu ni safari anayopitishwa baada ya kulisema. Naendelea chini.

#2 Mwanzisha uzi

Kwanza tukubaliane kwamba makosa ni mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, Mitchell Charnley, alifanya jambo rahisi: alikata stori magazetini akazituma kwa watu waliotajwa ndani yake, akawauliza, je, hivi ndivyo ilivyokuwa? Karibu nusu ya stori zilirudi na kosa. Njia hiyo hiyo imerudiwa mara nyingi tangu hapo. Scott Maier alipoirudia miaka ya 2000 kwenye magazeti ya Marekani, zaidi ya nusu ya stori zilikuwa na angalau jambo moja ambalo chanzo chenyewe kilisema si sahihi. Kisha akafuatilia ni ngapi kati ya stori zenye makosa zilisahihishwa. Hazikufika asilimia 2.

Mengi kati ya makosa hayo ni jina, cheo, umri, tarehe, tarakimu, nukuu iliyokatwa mkia, kichwa cha habari kinachosema zaidi ya stori yenyewe. Wahariri huyaita madogo. Madogo kwa nani? Kwa msomaji wa mbali, sawa. Kwa mwenye jina lake, hilo ndilo jambo la kwanza analolitazama, na likiwa limekosewa haamini tena mstari wowote unaofuata. Nami nisingemlaumu.

#3 Kalamu Kavu

Mkuu, heshima kwako, ila naona unawapamba. "Makosa" ni neno la upole. Kuna waandishi wanaokaa chini na kutunga. Hao tuwaite nini?

#4 Mwanzisha uzi

@Kalamu Kavu uko sahihi, wapo. Lakini tazama namna walivyofanikiwa kudumu, utaona tunarudi kwenye hoja ile ile.

Jayson Blair wa New York Times alikuwa anatunga na kunakili. Mwaka 2003 alikamatwa pale mhariri wa San Antonio Express-News alipoliandikia gazeti hilo kulalamika kwamba stori ya mwandishi wake imenakiliwa. Tarehe 11 Mei 2003 New York Times likachapa ukurasa wa mbele uchunguzi wa maneno zaidi ya 7,000 kuhusu mwandishi wao wenyewe. Humo ndimo lilimo jambo ambalo mimi naliona zito kuliko uongo wake: watu kadhaa walioandikwa na Blair walikuwa wameuona uongo siku ile ile ulipotoka. Kuna familia moja alidai alifika kwao na kuona mashamba ya tumbaku na malisho ya ng'ombe kutoka barazani. Hakuna kitu cha namna hiyo pale. Familia ilisoma, ikafanya mzaha, haikupiga simu. Wakadhani ni jambo la mara moja tu.

Fikirieni hapo kidogo. Gazeti kubwa namna ile, lenye safu ya masahihisho ya mahali pamoja tangu mwaka 1972, na bado waliokosewa hawakuona maana ya kusema. Mtungaji anaishi ndani ya ukimya huo. Kila simu ya msomaji inayopokewa vibaya inamwongezea siku za kuishi.

Na pale wanaposema wakapuuzwa, mambo huwa yale yale. Mwaka 1980 Janet Cooke wa Washington Post aliandika kuhusu mtoto wa miaka 8 aliyetumia heroini. Maofisa wa mji walimtafuta mtoto huyo wasimpate, na ndani ya chumba cha habari kwenyewe wapo waliokuwa na shaka. Stori ikapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1981. Mtoto hakuwapo. Tuzo ikarudishwa.

#5 Mpenda Kurasa

Uzi mtamu, nafuatilia. Swali: kuna gazeti lolote linalosahihisha vizuri? Au ndiyo wote wa ukurasa wa 22?

#6 Mwanzisha uzi

Yapo, tena nataka niyaseme bila kubana. The Guardian la Uingereza mwaka 1997 lilimteua Ian Mayes kuwa mhariri wa wasomaji, yaani mtu wa kupokea malalamiko yao, wa kwanza kwa magazeti ya nchi hiyo. Akawa na safu ya masahihisho kila siku, mahali pale pale. Uzito wa cheo hicho ni kwamba mhariri mkuu hana mkono kwenye anachoandika. Msomaji hapeleki kesi ya nyani kwa ngedere.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi, imeweka kwenye sheria. Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 29 Julai 1881, kifungu cha 13, inampa aliyetajwa gazetini haki ya kujibu. Gazeti la kila siku linatakiwa kuchapa jibu lake ndani ya siku 3, mahali pale pale na kwa herufi zile zile zilizotumika kwenye stori. Mahali pale pale! Mwaka 1881 walishajua kwamba ujanja uko kwenye kuchagua ukurasa. Kanuni za wahariri wa Uingereza nazo zinadai kosa kubwa lisahihishwe haraka na mahali panapoonekana ipasavyo, ila hilo "ipasavyo" ndilo watu wanalovutana kila siku.

Kuhusu kuchelewa, mifano ni mingi na inachekesha ukiisoma haraka. Tarehe 13 Januari 1920 New York Times liliandika maoni ya kumbeza mwanasayansi Robert Goddard kwa kuamini roketi inaweza kufanya kazi kwenye ombwe la anga za juu. Likasema hana hata maarifa ya mwanafunzi wa sekondari. Likasahihisha tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuruka kwenda mwezini. Goddard alikuwa amekufa tangu 1945. Kila mara stori hii inasimuliwa kama kichekesho cha uungwana wa gazeti. Mimi namfikiria Goddard, aliyeishi miaka 25 baada ya kejeli ile bila kuambiwa neno.

Gazeti hilo hilo mwaka 1853 lilikosea jina la Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Lilisahihishwa Machi 2014, miaka 161 baadaye, siku ambazo filamu ya maisha yake ilikuwa imetoka kushinda tuzo. Hapo nawapongeza. Jina la mtu halichakai.

Na kuna kosa ambalo sitaliweka kapu moja na haya. Aprili 1989 The Sun lilichapa ukurasa wa mbele, chini ya kichwa cha habari kinachosema "Ukweli", tuhuma kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti wenzao kwenye maafa ya uwanja wa Hillsborough. Ulikuwa uongo. Waliokufa kwa maafa yale wamefika 97, wa mwisho akifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile. Gazeti liliomba radhi 2004, kisha ukurasa wa mbele Septemba 2012, baada ya jopo huru kutoa ripoti. Miaka 23 kutoka ukurasa wa mbele mpaka ukurasa wa mbele. Liverpool kuna wauza magazeti ambao hawaliweki mezani mpaka leo. Nawaelewa kabisa.

#7 Dada wa Takwimu

Nyote mnaongelea gazeti la karatasi. Mtandaoni je? Mimi nimeshasoma stori asubuhi ina tarakimu moja, mchana ina nyingine, na hakuna aliyesema kitu. Nikimwambia mtu nilichosoma naonekana mimi ndiye muongo.

#8 Mwanzisha uzi

Dada umegusa kidonda. Kimya kimya ndiyo ugonjwa wa sasa.

Karatasi ilikuwa na adabu yake ya lazima. Ukishachapa huwezi kwenda kila nyumba kufuta. Ilibidi ukiri. Mtandaoni mhariri anaingia, anabadilisha, anatoka, na stori inabaki na saa ile ile. Mimi nimefanya hivyo. Niliambiwa ni kuisafisha stori, nikaona ni jambo jema, maana mwisho wa yote msomaji anapata kilicho sahihi.

Nilibadilika kwa sababu ya swali kama lako. Msomaji wa asubuhi ameondoka na kile cha asubuhi. Ameshakituma kwa watu wake, na wao hawatarudi kwetu kuangalia kama tumebadilisha. Kumwacha hivyo ni kumwachia deni letu alilipe yeye.

Kuisafisha kwa haki ni hivi: herufi iliyoruka, nafasi, koma, hizo rekebisha uende. Jambo lolote linalobadilisha anachokijua msomaji (jina, kiasi, nani kasema nini, nani kafanya nini) liandikiwe maelezo pale pale kwenye stori, yakiwa na tarehe, yakisema kilichokuwa kimeandikwa na kilicho sahihi. Kichwa cha habari kikibadilika kwa sababu kilidanganya, nacho kisemwe. Na kama stori ilisambazwa kwenye kurasa za mitandao ya kijamii, sahihisho lisambazwe huko huko, siyo lifungiwe ndani ya tovuti kama barua isiyo na stempu.

Wapo wahariri wanaopinga kulirudia kosa ndani ya sahihisho, wanasema unalieneza. Kwenye kashfa ya mtu naweza kukubali, unaandika kwa uangalifu. Kwenye tarakimu na majina sikubali. Sahihisho lisilosema kosa lilikuwa nini linamlinda gazeti peke yake.

#9 Msimamizi Mstaafu

Naomba kuchangia. Nilisimamia maoni ya wasomaji kwenye tovuti ya habari kwa miaka 4. Mnaongea kana kwamba kila anayeandika chini ya stori ni shahidi wa haki. Mngesoma nilichokuwa nasoma saa 8 usiku. Matusi, ukabila, vitisho vya kubaka waandishi wa kike. Nilifuta kwa maelfu, na sitaomba radhi.

#10 Mwanzisha uzi

@Msimamizi Mstaafu, pole sana, na wala usiombe radhi. Kazi yako ilikuwa ngumu kuliko yangu.

Watu wajue ukubwa wake. Mwaka 2016 The Guardian walichambua maoni milioni 70 yaliyoachwa kwenye tovuti yao. Kati ya waandishi 10 walioshambuliwa zaidi, 8 walikuwa wanawake, na wale wawili waliobaki walikuwa wanaume weusi. Kuna mzigo wa kisheria pia. Juni 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwenye shauri la Delfi dhidi ya Estonia, ilikubali kwamba tovuti ya habari inaweza kuwajibishwa kwa maoni ya chuki yaliyoandikwa na wasomaji wake. Baada ya hapo usishangae mwenye gazeti akiona heri kufunga mlango. Wengine walishafunga sehemu ya maoni: jarida la Popular Science 2013, Reuters kwenye habari zao 2014, redio ya NPR ya Marekani 2016.

Lakini nikuulize kwa nia njema. Katika yale maelfu, hukuwahi kukutana na mtu aliyeandika kwa adabu, "hii tarehe si sahihi, tazameni tena", ukaambiwa mfute?

#11 Msimamizi Mstaafu

Nimekutana nao. Utaratibu ulikuwa huu: ninaipeleka kwa mhariri, mhariri anarekebisha stori, halafu ananiambia niondoe maoni yale kwa kuwa "hayana maana tena". Kweli kwa upande fulani, stori ikishabadilika maoni yanaonekana ya mtu asiyejua kusoma. Niliondoa mengi tu. Sikuwahi kuliwaza hivi unavyoliweka.

#12 Mwanzisha uzi

Asante kwa kusema wazi, wengi wasingesema.

Wakuu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Mtu amesoma kwa makini, amegundua kosa, ametumia muda wake kulieleza, bure. Gazeti limechukua alichotoa, likajirekebisha, kisha likamfuta yeye. Nimeona wasomaji wa namna hiyo wakibadilika mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza anaandika "ndugu mhariri". Mara ya tatu anaandika kwa hasira. Mara ya tano anatukana, tunamfungia, na tunasema wasomaji wa siku hizi hawana adabu.

Tusi na lawama ni vitu viwili. Tusi linamlenga mtu, lawama inalenga kazi. "Mwandishi huyu ni mjinga" futa. "Stori hii imeegemea upande mmoja, mbona hamkumuuliza mlalamikiwa?" iache hata kama inauma, na mtu wa ndani ajibu kwa jina lake. Majibu ya mwandishi mwenyewe yanapoza mjadala kuliko kufuli lolote nililowahi kuona. Kuna jaribio zuri pia la Norway: mwaka 2017 NRKbeta, tovuti ya teknolojia ya shirika la utangazaji la nchi hiyo, ilianza kumtaka msomaji ajibu maswali machache kuhusu stori kabla ya kuruhusiwa kutoa maoni. Anayetaka kubishana aonyeshe kwanza kwamba amesoma. Hilo nalipenda.

#13 Kalamu Kavu

Sasa si waajiri tu mtu wa malalamiko kama yule wa Guardian? Mbona hawafanyi?

#14 Mwanzisha uzi

Walifanya, wakaacha. Asahi Shimbun la Japani lilikuwa na kamati ya kupokea malalamiko ya wasomaji tangu 1922. Marekani gazeti la kwanza kuajiri mtu wa kazi hiyo lilikuwa la Louisville, Kentucky, mwaka 1967. Washington Post likafuata 1970, likaifuta nafasi 2013. New York Times liliweka mhariri wa umma 2003 baada ya aibu ya Blair, likaiondoa 2017, likieleza kwamba siku hizi wasomaji mtandaoni kwa umoja wao wanafanya kazi hiyo ya ulinzi.

Sikubaliani nao hata kidogo. Watu elfu 10 wakipiga kelele nje hawana ufunguo wa chumba cha habari. Mhariri wa umma alikuwa nao. Alikuwa anaweza kwenda mezani kwa mwandishi na kumwambia, nionyeshe daftari lako. Kelele ya mtandaoni inasikika pale tu kosa linapohusu watu maarufu au siasa. Yule shahidi wangu wa ukurasa wa 3 nani angempigia kelele?

#15 Mpenda Kurasa

Nimekosewa na gazeti mwezi uliopita, umri na cheo. Nifanyeje kwa vitendo?

#16 Mwanzisha uzi

Andika, hata kama utapiga simu pia. Anza na kosa lenyewe: tarehe ya toleo, ukurasa au kiungo cha stori, sentensi iliyokosewa kama ilivyo, kisha sentensi iliyo sahihi, tayari kuchapwa. Weka ushahidi mmoja ulio wazi. Hasira yako iweke aya ya mwisho au iache, maana mhariri aliyechoka akikutana nayo juu hatafika chini. Mtandaoni piga picha ya stori kabla hujalalamika. Sema unataka nini: sahihisho, au haki ya kujibu, au vyote. Wasipojibu, peleka baraza la habari kama lipo, na uangalie mapema, maana mabaraza mengi yana kikomo cha muda wa kupokea lalamiko.

#17 Dada wa Takwimu

Mkuu hujamaliza. Yule shahidi ilikuwaje?

#18 Mwanzisha uzi

Alirudi wiki moja baada ya lile sahihisho la ukurasa wa 22. Safari hii hakusimama mapokezi, sijui alipitaje, akafika mezani kwangu. Alikuwa na vipande viwili vya gazeti. Akaweka cha kwanza, akasema, "Kijana, hapa mmeandika mimi mwizi." Akaweka cha pili. "Hapa mmeandika nini?"

Nilimwambia kwamba aliyekata ile mistari ni mimi. Kisha nikamchukua hadi kwa mhariri mkuu na vipande vyake. Mhariri mkuu, niseme haki yake, alivisoma vyote viwili, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Andika upya, ukurasa wa 3." Niliandika jina lake kamili, kwamba alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka, kwamba hakushtakiwa kwa kosa lolote, kwamba kosa lilitokea wakati wa uhariri, na kwamba mwandishi hakuhusika. Tukaweka na picha yake ile ile.

Siku ilipotoka alikuja asubuhi na mapema akaomba nakala 10. Nikamuuliza za nini zote hizo. Akasema waliosoma la kwanza anawajua mmoja mmoja, atawapelekea.